Samaki Sita wa Mama Kagendo

Vijana wa kambi, mliniomba niandike kabla sijaanza kusahau, na nimekubali. Ya vyeo na mshahara nitayaacha. Tangu nilipoacha kuosha vyombo hadi mwisho cheo changu kilikuwa kimoja, kuongoza wageni wavuvi, na mshahara mnaujua wenyewe.

Mimi ni Ekai, Mturkana wa Isiolo mjini. Wazazi wangu walifika hapa na mbuzi, ukame ukachukua mbuzi, wao wakabaki. Mimi nikabahatika kuajiriwa kuosha vyombo kwenye kambi ya wageni kando ya Ewaso Ng'iro. Wageni wale walikuja kuvua samaki, lakini si kwa namna niliyoijua. Hawakutumia minyoo wala wavu. Walitumia fimbo ndefu nyepesi, mshipi mnene, na mwisho wake ndoano ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi hadi ikafanana na mdudu. Sisi tuliiita nzi tu. Walitafuta samaki wakubwa tu, wa kila aina, na wakimpata walimpima, wakampiga picha, kisha wakamrudisha majini. Siku ya kwanza kuona hayo nilirudi jikoni nikamwambia mpishi kwamba wazungu wamepoteza akili. Mpishi akasema wapo weusi pia, niangalie vizuri.

Aliyenitoa jikoni ni Guyo, Mborana wa Garbatulla, ambaye wakati ule ndiye pekee aliyewaongoza wageni kwenda kuvua. Nyumbani kwao walimcheka. Mtu mwenye ng'ombe anafuata samaki? Yeye aliwajibu, "Ng'ombe wangu hawajakosa mchungaji. Samaki ndio hawana." Aliniona nikiwatazama wageni wakirusha mishipi, akaniita.

"Salaam aleikum, kijana. Hiyo macho yako inataka nini huku?"

"Nataka kujua mshipi unaendaje mbali na hauna uzito."

"Basi wacha sufuria. Kesho uje uwanja."

Alisema uwanja, na kweli ulikuwa uwanja. Miezi ya kwanza sikugusa maji. Alinifungia kipande cha sufi nyekundu mwisho wa mshipi, akaniweka kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya kambi, nikarusha mbele na nyuma huku mbuzi wakinitazama. Kosa langu lilikuwa lile lile ninaloliona kwenu nyote: niliharakisha. Mshipi ukienda nyuma lazima uungoje ujinyooshe wote kabla ya kuuleta mbele. Guyo alisimama nyuma yangu akisema, "Ngoja. Ngoja. Mkono yako ina haraka kuliko kichwa." Siku nilipoweza kuidondosha ile sufi ndani ya karai bila karai kulia, alinipa fimbo yake ya zamani na kunionyesha mto.

Nisiwachoshe na mambo ya vifaa, lakini haya machache yashikeni. Futa mshipi kila jioni kwa kitambaa chenye maji safi, maana vumbi la Isiolo linakula plastiki kama mchwa. Fundo likikutia shaka, likate ufunge upya, kwa sababu samaki mkubwa hana shaka. Mgeni akirusha, usisimame upande wa mkono wake. Mgeni wangu mmoja, mtu mkubwa wa mwili na sauti, alining'oa kofia kwa ndoano mara mbili kabla ya chai ya asubuhi, na kila mara aliniuliza kama kofia ni nzima.

Guyo alinifundisha kurusha. Wa kunifundisha kuona alikuwa mwanamke ambaye hakuwa amewahi kushika fimbo.

Huyo ni Mama Kagendo. Nyuma ya ofisi yetu mjini kulikuwa na chumba cha wafungaji wa nzi, wanawake wachache, kila mmoja na meza yake na jiriwa ndogo ya kubana ndoano. Mama Kagendo, Mmeru wa upande wa Ruiri, ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Nilitumwa kwake na chupa yenye wadudu niliowakusanya chini ya mawe ya mto. Akawamwaga kwenye sahani nyeupe, akawaangalia kupitia kioo chake cha kukuzia, akaniuliza, "Huyu anatembea au anaogelea?"

Nikasema sijui.

"Basi rudi ukamwangalie. Mimi siwezi kufunga kitu kilichokufa."

Nikarudi. Tangu siku hiyo, kabla sijamwambia mgeni atupe mshipi wapi, nilipiga magoti kwanza nikageuza jiwe. Kila nilichokiona nilimpelekea Mama Kagendo kwa maneno, naye akakigeuza kuwa manyoya. Wageni walishika samaki wakubwa wa kupiga picha, wakaturudia na shukrani zao. Yeye alisikia habari hizo akiwa ameinama juu ya jiriwa.

Kwenye ukuta wa ofisi mlikuta wamechorwa samaki sita, na chini ya kila mmoja mstari wa urefu. Hizo ndizo aina tulizozifuata. Trauti wawili wa mito baridi ya mlimani, yule mwenye mstari wa rangi za upinde wa mvua ubavuni na yule wa madoa ya kahawia. Kambare wa Ewaso Ng'iro. Samaki wa manjano, mwenye magamba kama shaba, wa mito ya chini kuelekea Tana. Halafu wawili wa Ziwa Turkana: samaki wa meno, ambaye Waturkana humwita lokel, na mbuta, mkubwa wao wote. Ukishika mmoja anayefikia mstari wake, jina lako linaandikwa pembeni yake. Majina yalikuwa mengi, lakini hakuna jina lililoandikwa penye samaki wote sita, la mgeni wala letu. Guyo alifika wanne akarudi kwa ng'ombe wake. Mimi pia niliishia wanne.

Mkono wa kulia wa Mama Kagendo ulianza kutetemeka. Mwanzoni tulidhani ni uchovu. Daktari akamwambia aache kazi ya vitu vidogo, na akamwambia pia, bila kuzunguka, kwamba mtetemo utaongezeka. Siku ya kumuaga kulikuwa na keki na soda. Meneja, kijana mstaarabu, akamuuliza kama kuna jambo lolote kampuni inaweza kumfanyia.

"Nataka kuvua," akasema.

Watu wakacheka kwa adabu. Meneja akasema bila shaka, Ekai atakupeleka mtoni siku moja.

"Si siku moja. Nataka wote sita, kwa nzi wangu. Bado mkono unashika."

Hapo hakuna aliyecheka. Meneja alinitazama, mimi nikatazama ukuta. Kisha akasema msimu huu wageni ni wachache, gari lipo, lakini kanuni ni ile ile: mtu mwingine akigusa fimbo samaki akiwa kwenye ndoano, samaki huyo hahesabiwi. Mama Kagendo akasema hajaomba kanuni nyingine.

Tukaanza uwanjani, safari hii mjini, mimi sasa nikisimama nyuma kama alivyosimama Guyo. Uwanja wa mjini una vijana wengi. Mmoja akawaambia wenzake, "Cheki shosho anachapa upepo." Mama Kagendo hakugeuka. Alisema, "Mwanangu, sogea karibu kidogo ujue kama ni upepo." Kijana akabaki alipokuwa. Mtetemo haukumsumbua katika kurusha, kwa sababu kurusha ni kazi ya kiwiko na subira, na subira alikuwa nayo ya kutosha kutugawia.

Mlimani tulianza vibaya. Maji ni baridi na meupe kama kioo, unaona kila kokoto. Nilimweka chini ya maporomoko madogo, akarusha vizuri, nzi akatua, akaelea akija. Trauti akapanda, akafungua mdomo, akamchukua nzi, akamtema, akaondoka. Mama Kagendo hakuinua fimbo.

"Mama, ulimwona?"

"Nilimwona."

"Mbona hukukaza?"

"Nilikuwa namwangalia nzi wangu. Sijawahi kumwona akifanya kazi."

Hakukuwa na la kurekebisha hapo. Tulirudi kesho yake na alikuwa ameshiba kutazama. Trauti wa upinde wa mvua aliingia kwenye wavu wangu wa mkono akiwa amepita mstari kwa upana wa kidole. Yule wa kahawia alikaa chini ya mzizi, na ni samaki mwenye wasiwasi, kivuli kimoja tu kinamfukuza. Mama Kagendo alikaa kwenye nyasi asubuhi nzima akimtazama, halafu akatambaa kwa magoti yake mabovu hadi ukingoni, akarusha mara moja. Mara moja ilitosha. Aliposimama alikuwa na matope hadi kifuani, na njia nzima ya kushuka hadi Isiolo aliimba nyimbo za kanisani, zote, na beti zote.

Kambare sitamsifu sana. Ewaso Ng'iro ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, akavutiwa na nzi mweusi wa manyoya ya sungura, akamvuta Mama Kagendo hadi akakaa kwenye tope, na vita vikaendelea akiwa amekaa. Tulipompima nilimpa Mama mkono wa pongezi. Akasema, "Huyu alipigana nami kama ng'ombe anayevutwa kuogeshwa. Haya, nenda salama," akamwachia.

Wa manjano ndiye aliyetutoa jasho. Tulikwenda Kinna, tukapita mashamba ya mifereji, tukashuka mto hadi penye kivuli. Samaki tuliwaona, wakubwa, wamepangana chini ya mkuyu mmoja. Tukawatupia kila nzi aliyekuwa kwenye kisanduku, wala hawakugeuza kichwa. Siku ikaisha. Ya pili ikaanza hivyo hivyo. Mbingu upande wa Meru ilikuwa inajaa mawingu, na nilijua mvua ikinyesha huko juu mto utageuka matope, na msimu wetu utakuwa umekwisha.

Mama Kagendo akaacha kurusha, akakaa kwenye jiwe. Baada ya muda akasema, "Ekai, sikiliza."

Nikasikia: chubwi. Kisha kimya, kisha tena, chubwi. Matunda ya mkuyu yalikuwa yanaanguka majini, na kila likianguka samaki mmoja alitoka kwenye mstari akalifuata.

"Tumekuwa tukiwapa nyama," akasema, "na wao wanakula matunda."

Alikuwa na mfuko wake wa nyuzi na ile jiriwa. Akaifunga kwenye mlango wa gari, akabana ndoano, akachukua sufi ya kahawia. Mkono ukakataa. Uzi ulizunguka ukatoka, ukazunguka ukatoka. Akajaribu kuushika mkono wa kulia kwa ule wa kushoto. Sijawahi kumwona Mama Kagendo akishindwa na uzi, na sikujua nitazame wapi. Akaweka kila kitu chini, akafuta uso kwa leso.

"Njoo ukae hapa," akaniambia.

"Mama, mimi sijui kufunga."

"Wewe lete mikono tu. Kujua kupo."

Nikakaa. Akasimama begani kwangu akaniongoza, zungusha, vuta, usivute hivyo huchungi punda, zungusha tena, bana kwa kucha. Vidole vyangu vilikuwa vinene kama mihogo. Kile kitu kilichotoka kilikuwa donge la sufi lenye rangi ya tunda lililoiva, na mfungaji yeyote wa chumba kile angelitupa. Mama Kagendo aliligeuza mkononi, akalikata kidogo upande mmoja kwa makasi.

"Ni baya," akasema. "Hata tunda la mkuyu ni baya. Funga kwenye mshipi."

Akalitupa juu kidogo ili lianguke kwa uzito. Chubwi. Samaki akatoka kwenye mstari bila kufikiri. Fimbo ikapinda hadi kwenye mpini, rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, ikalia, na samaki akashuka na mkondo kuelekea Tana na sisi nyuma yake, yeye akikimbia kwa goti lisilokunjika, mimi na wavu, tukivuka mifereji ya watu na kuomba radhi njiani. Mwenye shamba mmoja aliacha jembe akatufuata kuona mwisho. Tulipomtoa, magamba yake yalimetameta kama shaba iliyosuguliwa majivu. Alipita mstari, alipita hata samaki wa majina yote ya ukutani. Mwenye shamba aliuliza kama anauzwa. Tukasema anarudi. Akaondoka akitikisa kichwa. Sisi tulibaki tumekaa kwenye maji hadi kiunoni tukicheka, na tone la kwanza la mvua likatukuta hapo.

Walibaki wa ziwani. Tulipanda kaskazini kupita Marsabit, lami ikaisha, mawe yakaanza, na mwishowe ziwa likatokea likiwa na rangi ya kijani kati ya mawe meusi. Huko ni kwa watu wangu, ingawa nyanya zangu wasingejua wakiite nini nilichokuja kufanya. Samaki wa meno alitukatia nzi kadhaa kwa meno yake hadi tulipoweka kipande cha waya mbele ya ndoano. Baada ya hapo alikuja haraka, akiruka juu kama kisu kilichotupwa. Watano.

Upepo wa kule mnausikia katika hadithi, basi mjue hadithi zinapunguza. Asubuhi unapiga hadi huwezi kusimama na fimbo. Unalegea mchana, na hapo ndipo mnapopata nafasi. Na msiingie majini, mamba wako. Mnavua mkiwa juu ya mwamba. Siku mbili tulipata vijana wa mbuta tu, wadogo wa kurudishwa. Siku ya tatu wanawake wa kijijini waliokuwa wakitengeneza nyavu walikuja kukaa nyuma yetu na sufuria zao, kwa sababu hapakuwa na burudani nyingine. Mmoja wao, jina lake Akiru, aliniuliza kwa Kiturkana kama mama huyu ni mgonjwa, mkono unatetemeka. Nikamwambia ni mvuvi. Akasema anaweza kuwa vyote viwili.

Mama Kagendo alimwacha nzi azame, mrefu, mweupe, wa manyoya ya mkia wa mbuzi. Akaanza kuvuta mshipi kwa mkono ule wa kulia, na mtetemo wake ukaenda na mshipi hadi chini. Sisemi kwamba ndio uliomdanganya samaki. Nasema tu kwamba mimi nilivuta pale pale kwa miaka bila kupata kitu.

Samaki alipogonga, mshipi wote ukatoka, na uzi wa akiba ukafuata. Mbuta hakuruka. Alikwenda tu, mzito, kama gari lililoachiwa mteremkoni. Mama Kagendo akaketi akaweka miguu yote miwili kwenye ufa wa mwamba. Kwa muda mrefu hakuna aliyeshinda. Akapata kidogo, akapoteza, akapata. Kisha samaki akaingia chini ya mwamba na mshipi ukasimama, ukikwaruza jiwe. Nikauona ukianza kuchubuka. Mikono yangu ikanyooka yenyewe kuelekea fimbo.

"Ekai," akasema bila kunitazama, "usiguse."

"Mama, atakata."

"Akate akiwa wangu."

Nikarudisha mikono nyuma, nikaushika mmoja kwa mwingine. Akalegeza mshipi. Wote. Akampa samaki uzi kana kwamba amemsamehe, akangoja. Jasho lilimdondoka kidevuni. Samaki, alipoona hakuna anayemvuta, akatoka mwenyewe polepole kwenda kwenye maji ya wazi, na Mama Kagendo akainuka na kukaza fimbo kwa mwili wake wote. Akiru akasimama. Wanawake wote wakasimama. Kila kipande cha mshipi kilichoingia kwenye rili walikipigia makofi, hadi mgongo mpana wa fedha ukajitokeza chini ya mwamba, na mimi na Akiru tukalala kifudifudi tukamkamata kwa taya na mkia.

Nilipima mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza macho yangu yalikuwa na maji. Alipita mstari kwa kiganja kizima.

"Sita," nikasema.

Mama Kagendo alikaa kando ya samaki akaweka mkono wake ubavuni mwake, na mkono ule ulitetemeka, na hakuuficha. Alicheka bila sauti, mabega tu yakicheka. Nilimpigia Guyo simu huko Garbatulla, nikamweleza. Akasema, "Mashallah. Mwambie mimi kama mwalimu wa mwalimu wake pia nimevua." Nilipomfikishia, Mama Kagendo akasema amemruhusu, lakini kwa huyu wa mwisho tu.

Nikamshika samaki nimrudishe majini kama ilivyo desturi yetu. Akiru akaniuliza ninafanya nini. Nikamweleza. Akawatafsiria wenzake mambo ambayo nilikuwa nimesema kwa Kiturkana safi, kana kwamba wameshindwa kuamini lugha. Wakatazama samaki, wakatazama sufuria zao.

"Wanasemaje?" Mama Kagendo akaniuliza.

"Wanauliza kama tumetoka Isiolo kuja kumsalimia."

Akafikiri. "Wale watano nimewarudisha," akasema. "Huyu ni wa wenyeji. Mpe Akiru kisu."

Moto ukawashwa penye mawe yanayokinga upepo. Samaki alilisha kila mtu aliyekuwa pwani ile, na watoto walioitwa, na mzee mmoja aliyefika akidai ameitwa. Hapo ndipo nilipogundua kwamba Mama Kagendo hajawahi kula samaki maishani. Kwao alikokulia samaki hakuwa chakula, na huku mjini hakuona sababu ya kuanza. Akiru alimletea kipande cha tumbo, ndicho kinono, kwenye kifuniko cha sufuria.

Akakishika kwa vidole, akakigeuza pande zote, akakitia mdomoni. Wanawake wakaacha kula wakimngoja. Akatafuna taratibu, akameza, akaramba kidole gumba, akanyoosha mkono kuchukua kipande kingine kabla hajasema lolote.

"Ekai," akaniambia, "na miaka hii yote nyinyi mlikuwa mnawarudisha?"